Kushika Bila Kukata: Protini Zinazoshikamana na Nyuzi za Karatasi

Katika Waraka wa Kitume "Laudato si'" wa mwaka 2015, namba 22, Papa Fransisko anazungumzia utamaduni wa kutupa, na mfano anaouchagua ni karatasi: sehemu kubwa ya karatasi tunayotengeneza hutupwa, hairejelezwi. Papo hapo anatuelekeza kwenye maumbile, ambako mabaki ya kiumbe kimoja huwa chakula cha kingine. Mpendwa msomaji, kuna swali linalofuata hapo. Hata tukiamua kurejeleza kila daftari na kila gazeti, je, karatasi ingeweza kuzunguka bila mwisho?

Jibu ni hapana, na sababu iko ndani ya uzi wenyewe. Karatasi ni nyuzi za mti au mmea mwingine, na sehemu kubwa ya uzi ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari iliyolala sambamba na kubanana. Uzi mpya ukilowa huvimba na kulainika, kisha hulaliana vizuri na jirani zake. Karatasi inapokaushwa, vinyweleo vidogo ndani ya uzi hujifunga, na ukiulowesha tena havifunguki vyote. Uzi unakuwa mkavu, mgumu, na haushikani sana na wenzake. Kiwandani huupondaponda tena ili ulainike, lakini kuponda huko kunaukatakata na kuacha vumbi la nyuzi linalozuia maji yasichuje haraka. Hukadiriwa kwamba uzi mmoja hustahimili mizunguko mitano hadi saba hivi, basi.

Sasa tuje kwa kuvu, maana huyo ndiye mrejelezaji wa kweli wa mbao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilishangaa kuona mahema na nguo zake za pamba zikioza upesi katika visiwa vya Pasifiki. Kutoka kwenye turubai iliyooza huko Visiwa vya Solomon walipata kuvu ambaye baadaye aliitwa Trichoderma reesei, kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese. Hadi leo vimeng'enya vingi vya kuvunja selulosi vinavyouzwa viwandani hutoka kwa kizazi cha kuvu huyo wa hemani. Reese na wenzake waliandika mwaka 1950 kwamba kukata peke yake hakutoshi: lazima kuwe na kitu kinachoitayarisha selulosi iliyobanana kabla mkasi haujaanza kazi. Hawakupatia kila kitu, lakini swali lao lilikuwa zuri.

Sehemu ya jibu ilipatikana kwa msaada wa papai. Mnamo mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Uppsala, Uswidi, walichukua kimeng'enya kikuu cha kuvu huyo na kukikata kwa papaini, dawa ileile iliyomo katika utomvu mweupe wa papai bichi, ambayo wapishi wetu huitumia kulainisha nyama ya mishikaki. Papaini ilikigawa kimeng'enya vipande viwili. Kipande kikubwa kiliendelea kukata vipande vidogo vya sukari vilivyoyeyuka majini kama kawaida, lakini kikiwekewa selulosi ngumu kilipwaya, kwa kuwa hakikuweza kuishika vizuri. Mkasi ulikuwa mzima; uliokosekana ni mkono.

Mkono huo ni mdogo ajabu: asidi amino 36 tu, katika kimeng'enya chenye karibu 500. Umbo lake lilichorwa mwaka 1989. Upande wake mmoja ni bapa, na juu yake zimejipanga asidi amino tatu za aina ya tirosini, zenye umbo la pete, zinazolaliana na pete za sukari kama sahani juu ya sahani. Mshiko wenyewe si gundi: mkono unaweza kuachia na kushika mahali pengine. Baadaye mikono ya namna hii ilipatikana kwa wingi katika bakteria na kuvu wengine.

Hapa ndipo mwenye kiwanda anapoanza kusikiliza. Vimeng'enya kamili vilikuwa vimeshajaribiwa kwenye karatasi chakavu, navyo husaidia maji kuchuja haraka, lakini ukizidisha kidogo tu vinakula nyuzi na karatasi inadhoofika. Ni dawa yenye kipimo chembamba. Je, ukichukua mkono na kuuacha mkasi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minho, Ureno, walijaribu hivyo kwa nyuzi zilizorejelezwa, na waliona maji yakichuja vizuri zaidi na karatasi ikipata nguvu, bila uzi kuliwa. Watafiti wa Israeli walikwenda mbali zaidi mwaka 2002: waliunganisha mikono miwili katika protini moja, mkono mmoja ushike uzi huu na wa pili ushike uzi ule. Karatasi iliyopakwa protini hiyo ilistahimili kuvutwa kuliko isiyopakwa, na maji yalipenya kwa shida. Kwetu sisi jaribio hili ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu kitu kilichoumbwa ndani ya kazi ya kuozesha kimegeuzwa kuwa kiunganishi.

Hata hivyo tusipige vigelegele mapema. Mkono huu hushika pia lignini, ile sehemu ya kahawia inayoufanya mti kuwa mgumu. Katika karatasi nyeupe lignini ni kidogo, lakini katika mbao ghafi au mabua, protini nyingi hunaswa huko bila kufanya kazi. Tena, watafiti wa Ufini walionyesha mwaka 2013 kwamba rojo likiwa zito, lenye maji machache, vimeng'enya visivyo na mkono hufanya kazi karibu sawa na vyenye mkono; mkasi na selulosi vimesongamana kiasi kwamba kushika hakuongezi mengi. Kwa hiyo mkono una faida kubwa pale penye maji mengi, na kutengeneza karatasi ni kazi ya maji mengi.

Kikwazo kikubwa kinabaki bei. Viwanda huimarisha karatasi kwa wanga wa mahindi, viazi au muhogo, ambao ni rahisi na unapatikana kwa tani. Protini ya kutengenezwa maabara, hata ikiwa bora kwa kila gramu, inapaswa kushindana na gunia la muhogo.