Kazi za Uchunguzi Zisizokwisha: Namna ya Kuzitunza katika Programu za Nasaba

Mtu achunguzaye nasaba ya jamaa zake hatakawia kuona kwamba kila jibu alipatalo humzalia maswali mawili au matatu ambayo hakuwa nayo hapo mwanzo. Akilipata jina la baba wa babu yake, atataka kujua alizaliwa wapi. Akijua alikozaliwa, atataka kujua ni jambo gani lililomtoa huko. Zamani nasaba iliandikwa katika shajara, au ilihifadhiwa vifuani mwa wazee, na maswali kama hayo hayakuwa na mahali pa kuandikwa, kwa kuwa shajara huonyesha tu yale ambayo ukoo umekwisha kuyakubali. Siku hizi watu wengi huweka nasaba zao katika kompyuta, nao hujaza kwa bidii majina, tarehe, ndoa na picha. Lakini zile kazi walizokusudia kuzifanya baadaye huziandika nyuma ya bahasha, au hawaziandiki kabisa. Makala haya yanahusu kazi hizo, na namna zinavyoweza kutunzwa ndani ya programu yenyewe.

Ziko programu nyingi za aina hii, na karibu kila moja ina njia yake. Kwa mfano nitatumia ile iitwayo Gramps, kwa sababu hutolewa bila malipo. Ilianza kutungwa mwaka 2001, na toleo lake la kwanza lililo kamili lilitoka mwaka 2004. Katika Gramps kila jambo lina ukurasa wake: mtu, jamaa, tukio, mahali, chanzo cha habari, hata ghala la nyaraka. Kwa kila kimojawapo mtu aweza kuambatisha maelezo, na maelezo hayo hupewa aina. Aina mojawapo ni ile ya kazi za kufanywa. Maelezo ya aina hiyo yakisha kuandikwa, programu yaweza kuyachuja na kuyaweka pamoja katika orodha moja, na kila mtu au chanzo kinachohusika huonekana kuwa kina kazi iliyobaki. Tena maelezo yale yale yaweza kuambatishwa penginepo bila kuandikwa mara ya pili, nayo yakisahihishwa pamoja, husahihika kote.

Hiyo ndiyo sehemu iliyo rahisi. Jambo lililo gumu ni namna ya kuiandika kazi yenyewe, nalo programu haiwezi kumfundisha mtu. Tuchukue mfano wa kubuni, lakini usio mgeni kwa watu wa pwani. Bwana mmoja wa Mombasa amesikia kwamba baba wa babu yake alilelewa Frere Town, upande wa Kisauni, katika makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Bwana huyo afungua ukurasa wa mzee huyo na kuandika, "Tafuta habari zaidi." Baada ya miaka mitatu ayakuta maneno hayo, wala hayamwambii kitu. Habari gani? Zitafutwe wapi? Ni jambo gani lililomfanya aandike hivyo siku ile?

Lau angaliandika hivi, angalijisaidia: "Je, jina alilokuwa nalo kabla ya kubatizwa limeandikwa popote? Tazama daftari ya ubatizo ya kanisa, mwaka 1880 hadi 1890. Sababu: shangazi asema alibatizwa angali mvulana, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya vita vya 1914." Hapa pana swali moja ambalo laweza kujibiwa kwa ndiyo au la, pana mahali pa kutazama, pana mipaka ya miaka, na juu ya yote pana sababu. Wengi huiacha sababu kwa kudhani kwamba wataikumbuka. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, maana ikiwa shangazi alikosea, basi mipaka ile ya miaka nayo ina kosa, na mchunguzi atajua pa kuanzia upya.

Majina ya kwetu yana shida yake ya pekee. Kwa desturi mtoto hupewa jina la babu yake, na hivyo jina moja hurudi kila baada ya kizazi kimoja. Mtu akiandika "tafuta ndoa ya Juma bin Ali," na katika ukoo huo wamo akina Juma bin Ali watatu, kazi hiyo haina mwenyewe. Kazi ikiambatishwa na ukurasa wa mtu aliyekusudiwa, shaka hiyo huondoka, nayo ni faida kubwa ambayo karatasi haiwezi kuitoa. Ila katika ile orodha ya jumla maneno husomwa peke yake. Kwa hiyo yafaa jina liandikwe mpaka kwa babu.

Kadhalika tarehe. Hati nyingi za ndoa na mirathi za pwani zimeandikwa kwa mwaka wa Hijra, na mwaka huo haulingani na mwaka wa miladi. Mwaka 1325 wa Hijra, kwa mfano, ulianza mwezi wa Februari 1907 ukaisha mapema mwaka 1908. Atakayeandika "tazama daftari ya 1907" atakuwa amejifungia nusu ya mlango. Gramps hukubali tarehe za Hijra jinsi zilivyo, na ni bora kuiandika tarehe kama ilivyo katika hati, kisha katika maelezo ya kazi itajwe miaka yote miwili ya miladi ya kutazamwa.

Sasa turudi kwa yule bwana wa Mombasa. Maswali yake hayawezi kujibiwa mahali pamoja. Mengine yako katika daftari za kanisa. Mengine huenda yakawa katika faili za utawala wa pwani zilizo Nairobi, katika Nyaraka za Taifa za Kenya. Na barua na taarifa za wamisionari wenyewe zimo Uingereza, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Ikiwa kila kazi imeambatishwa na ukurasa wa mtu tu, siku atakapopata safari ya Nairobi itambidi apekue kurasa za ukoo mzima ili ajue la kufanya huko. Basi kazi hiyo hiyo aiambatishe pia na ukurasa wa ghala la nyaraka. Akiufungua ukurasa wa Nyaraka za Taifa, ataona kazi zote za Nairobi pamoja, hata zile za upande wa mkewe alizokuwa amezisahau.

Ikibaki kazi ishirini au thelathini, ipi itangulie? Programu huruhusu kazi kupewa vibandiko vya rangi na kupangwa kwa daraja, na watu hupenda kuzipa daraja la kwanza zile zinazowavutia zaidi. Kwa maoni yangu kipimo kingine chafaa zaidi, nacho ni upesi wa kupotea. Barua za Birmingham zimo katika chumba kinachotunzwa, nazo zitaonekana mwakani kama zilivyo leo. Lakini maandishi ya kaburi lililojengwa kwa chokaa hulika na mvua na upepo wa bahari. Na shangazi mwenye umri wa miaka 90, ajuaye ni nani aliyeolewa Rabai na kwa nini jina lake halitajwi nyumbani, huenda asiwepo tena. Kibandiko chekundu na kiwe cha huyo.

Kazi ikisha kufanywa isifutwe. Hili ndilo kosa lililo kubwa, kwa kuwa orodha fupi hupendeza macho. Mchunguzi akitazama daftari ya miaka kumi asimwone mtu wake, hapo pia amepata habari, na pasipoandikwa, yeye au mwanawe atakwenda kuitazama daftari ile ile tena. Afadhali aibadilishe aina ya maelezo yale yawe ya uchunguzi uliofanywa, kisha aongeze tarehe, alichotazama, na alichokosa kutazama. Kama kurasa kadhaa zimeliwa na mchwa, aseme ni zipi, maana "hakuonekana" na "kurasa hazikusomeka" si jambo moja.

Imebaki hatari moja ambayo wengi huijua wamekwisha kuchelewa. Programu hizi hufa. Personal Ancestral File, iliyotumika tangu mwaka 1984, ilikomeshwa mwaka 2013; mwaka uliofuata watungaji wa The Master Genealogist nao walitangaza kuiacha. Mtu akihama hubeba nasaba yake kwa muundo wa GEDCOM, ambao karibu kila programu huusoma. Lakini muundo huo hauna alama rasmi ya kazi za uchunguzi. Unayo alama ya kuonyesha kwamba fulani angependa wazazi wa mtu huyu wachunguzwe zaidi, na nyingine kama hiyo kwa wazao, basi. Hata toleo la 7.0 la mwaka 2021 halikuongeza kitu hapo. Baadhi ya programu huandika kazi kwa alama zao wenyewe, na programu inayopokea yaweza kuziruka bila kusema neno. Nasaba hufika salama, maswali yakapotea njiani.

Kwa hiyo kabla ya kuhama, ni vema kujaribu kwa nakala yenye watu watatu au wanne na kazi mbili tatu, na kutazama kama zimefika. Na mara moja kwa mwaka, yafaa orodha nzima ya kazi ipigwe chapa kwenye karatasi, pamoja na sababu zake, ipelekwe nyumbani kwa shangazi na kusomwa mbele yake polepole, swali moja baada ya moja, kalamu ikiwa tayari.