Kwa nini docx na odt hazielewani

Ukimtumia mwenzako anayetumia Microsoft Word barua uliyoiandika kwa LibreOffice, maneno hufika yote. Kinachofika kimeharibika ni mpangilio: jedwali limesogea, ukurasa umekatika pasipotakiwa. Watu huilaumu programu. Chanzo kiko chini zaidi, kwenye viwango viwili vya kuhifadhi hati, cha docx ya Word na cha odt ya LibreOffice, na shirika la viwango la kimataifa, ISO, limeviidhinisha vyote viwili.

Chukua nakala ya faili ya docx, badilisha herufi za mwisho za jina lake ziwe zip, kisha uifungue. Ndani mna mafaili madogo, na maneno yako yamo katika lile liitwalo document.xml. Ukifanya hivyo kwa odt utayakuta ndani ya content.xml. Zote mbili, basi, zimeandikwa kwa XML, lugha ya kuweka alama kwenye hati, iliyopitishwa mwaka 1998. XML ilipunguzwa kutoka SGML, kiwango cha ISO cha mwaka 1986, na SGML ilizaliwa na GML, ambayo Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walianza kuitunga katika kampuni ya IBM mwaka 1969. Wazo lao lilikuwa kubwa: alama iseme sehemu hii ya hati ni nini, kichwa au aya au orodha, na sura yake ipangwe baadaye, mahali pengine.

Lakini XML hutoa sarufi tu. Kila kundi hujitungia msamiati wake. ODF, kiwango cha odt, kilipitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005 na ISO mwaka uliofuata. Watungaji wake waliazima kilichokwisha kuwepo, kwa mfano MathML kwa hesabu. OOXML, kiwango cha docx, kilitoka Microsoft kupitia shirika la viwango la Ecma mwaka 2006 kikiwa na kurasa zaidi ya 6,000. Lengo lake lilikuwa kuzibeba hati za zamani za Microsoft bila kupoteza kitu, kwa hiyo kilibeba na mazoea ya Microsoft, hata alama inayoitaka programu ipange nafasi kama Word 95.

Tarehe zinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Katika lahajedwali la ODF, siku ya mwisho ya mwaka 1999 huandikwa 1999-12-31, na yeyote anaisoma. Katika OOXML kwa kawaida huhifadhiwa kama 36525, hesabu ya siku inayoanzia 1900. Hesabu hiyo ina siku moja isiyokuwepo, tarehe 29 Februari 1900, kwa sababu Excel, programu ya lahajedwali ya Microsoft, ilifuata kosa la programu ya Lotus 1-2-3 ili mafaili yaingiliane. Kosa la programu moja likaingia katika maandishi ya kiwango.

ISO ilipoipitisha OOXML mwaka 2008, Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa, zikashindwa. Naona zilikuwa na hoja. Kiwango kinapaswa kumwezesha mgeni kuandika programu yake bila kuijua historia ya kampuni nyingine. ISO ilikigawa: sehemu safi, na sehemu ya mpito iliyobeba urithi wa zamani. Word bado huhifadhi kwa ile ya mpito usipoiagiza vingine. Serikali ya Uingereza, kwa upande wake, ilichagua ODF mwaka 2014 kwa hati zake za kuhaririwa kwa pamoja.

Kwa anayeandika ripoti leo, wazo la Goldfarb na wenzake bado lina faida. Kichwa cha habari ulichokikuza kwa mkono na kukikoza, programu ya pili hukiona kama aya yenye herufi kubwa tu. Ukikipa mtindo wa kichwa kutoka kwenye menyu, viwango vyote viwili vina alama ya kusema kwamba hicho ni kichwa, na orodha ya yaliyomo itaweza kutengenezwa upya upande wa pili hata kama fonti imebadilika. Nafasi zilizopangwa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi tena na tena hazina alama ya kueleza kusudi lake popote, nazo ndizo huvurugika kwanza.