Jukwaa Ndani ya Seng'enge

Mimi hufundisha uigizaji hapa Machakos. Kila basi letu linapopita Athi River kwenda tamasha la drama Nairobi, likibanwa na malori ya saruji, huwaambia wanafunzi: hapa watu waliigiza wakiwa kizuizini, mama zenu wakiwa hawajazaliwa, na hawakupewa kombe.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipotangaza Hali ya Hatari nchini Kenya, Oktoba 20, 1952, ilikataa kuwatambua Mau Mau, wapiganaji waliopinga utawala wake, kama wafungwa wa kivita, maana mfungwa wa kivita ana haki zake chini ya Mikataba ya Geneva. Waitaliano walioletwa Kenya baada ya kushindwa Ethiopia katika Vita vya Pili vya Dunia walitambuliwa hivyo. Mwafrika aliyeshukiwa kula kiapo cha Mau Mau aliwekwa tu kizuizini, kesi hakuna, siku ya kutoka haijulikani. Paul Ngei, mwanasiasa wetu wa Machakos, angalau alisomewa mashtaka mahakamani kule Kapenguria.

Kambi ya Athi River, katika wilaya ya Machakos ya enzi hizo, ilikusudiwa kubadili mioyo. Walifanya kazi humo wafuasi wa Moral Re-Armament, vuguvugu la Mmarekani Frank Buchman, ambalo lilizoea kueneza mafundisho yake duniani kwa michezo ya kuigiza. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi drama ilivyotumiwa kambini humo ili mahabusu waikane Mau Mau. Aliyekiri kiapo alisogea karibu na kuachiliwa. Aliyekaa kimya alibaki.

Hapo ndipo naona wakoloni walipokosea hesabu. Ukimlazimisha mtu aigize toba mbele ya wenzake waliokula kiapo naye, humpi imani mpya, unampa zoezi la kuficha ya zamani. Mwigizaji hodari hulia machozi halisi kwa msiba usiokuwa wake.

Tena, mbali na jukwaa, kulikuwa na kalamu. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Kikuyu aliyekamatwa 1952, naye alipitia Athi River. Aliandika kumbukumbu zake kizuizini, akatunga na tamthilia akiwa bado mahabusu; kumbukumbu hizo alizitoa kama kitabu mwaka 1983. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyepitia kambi hizo, usimuulize mateso peke yake. Muulize pia waliigiza nini, nani alicheza askari, na wenzake walicheka wapi. Kisha yaandike.