NYUSI ZA TATUU: USIZICHOME KWA DAWA ZA MTAANI

Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo akina mama na akina dada hutuuliza kwa sauti ya chini: nyusi zilizochorwa kwa tatuu. Wengine walichorwa katika saluni za Bukavu, Uvira au Goma kabla ya kukimbia, wengine walichorwa hapa Kamembe. Sasa hawazitaki tena. Kuna ambaye rangi yake imegeuka bluu, kuna ambaye upande mmoja umepanda juu kuliko mwingine, na kuna ambaye anasemwa kanisani au nyumbani kila siku.

Matibabu ya leza yana bei kubwa na hayafanywi katika kituo cha afya cha kambi. Kwa hiyo watu wanajaribu vitu vingine: chumvi, ndimu, javeli, maji ya betri, soda ya kutengenezea sabuni, mkorogo, au mtu anayepita na chupa yake akisema anatoa tatuu kwa siku tatu.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: hakuna dawa ya kupaka nyumbani inayotoa wino wa tatuu bila kuharibu ngozi. Lakini ziko njia salama za kuzificha nyusi hizo na kusubiri zififie. Tafadhali soma mpaka mwisho.

WINO UKO WAPI?

Ngozi ya binadamu ina tabaka. Tabaka la juu ni jembamba kama karatasi. Linajibadilisha lenyewe: ngozi kuukuu inapukutika na ngozi mpya inakuja, takriban kila mwezi. Ndiyo maana hina au rangi iliyopakwa juu ya ngozi huisha yenyewe baada ya siku kadhaa.

Tatuu haiko hivyo. Sindano hupita tabaka la juu na kuacha wino katika tabaka la pili, kiasi cha milimita moja hadi mbili ndani. Mwili unauona wino kama kitu kigeni. Seli za ulinzi zinaumeza ili kuuondoa, lakini chembe za wino ni kubwa mno, hivyo seli zinabaki pale zikiwa zimeushika. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa wino hautoki. Seli nyingine huja na kuumeza tena, na ndiyo maana tatuu hudumu miaka mingi.

Sasa fikiri: ukipaka kitu juu, kinaweza kufanya mambo mawili tu. Kikiwa dhaifu, hakitafika kwenye wino. Kikiwa kikali kiasi cha kufika, maana yake kimeiunguza ngozi yote iliyo juu ya wino. Na katika tabaka hilohilo lenye wino ndimo ilimo mizizi ya nywele za nyusi. Mizizi ikiungua, nywele hazioti tena. Utakuwa umetoa tatuu ukabaki na kovu lisilo na nyusi.

VITU AMBAVYO WATU WANATUMIA, NA MADHARA YAKE

1. Chumvi ya kusugulia. Njia hii ni ya zamani sana. Mganga wa Kigiriki aitwaye Aetius aliiandika katika karne ya 6. Inafanya kazi kwa kuchubua ngozi mpaka ndani, wala chumvi haiyeyushi wino. Matokeo yake ni kidonda kibichi, na baadaye kovu.

2. Ndimu na limau. Asidi yake haifiki kwenye wino. Ngozi yenye ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua na kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi.

3. Javeli, maji ya betri na soda ya sabuni. Hivi ni vitu vya kuchoma. Jicho liko chini ya nyusi kwa upana wa kidole tu, na tone moja likiteleza linaweza kulipofusha. Soda ya sabuni ni mbaya zaidi, kwa sababu huendelea kuzama ndani hata baada ya maumivu kupungua.

4. Mkorogo na krimu za kujichubua. Wengi wanadhani kwamba krimu inayong'arisha ngozi itang'arisha na tatuu. Sivyo. Haidrokwinoni na zebaki huzuia mwili kutengeneza rangi yake wa asili, na wino wa tatuu si rangi ya mwili. Kwa hiyo ngozi inayozunguka itakuwa nyeupe na tatuu itaonekana zaidi. Zebaki pia hudhuru figo, na kwa mama mjamzito au anayenyonyesha hufika kwa mtoto. Ndiyo sababu mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 Rwanda ilifanya msako wa krimu hizi katika maduka. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Ukiona krimu isiyoandikwa vilivyomo ndani yake, iache.

5. Wembe, jiwe na chuma cha moto. Haya ni majeraha kama majeraha mengine. Kwetu watu wenye ngozi nyeusi, jeraha linaweza kuacha kovu linalovimba na kuendelea kukua, liitwalo keloidi. Kovu la namna hiyo ni gumu kutibu kuliko tatuu yenyewe.

6. Kuchorwa tena kwa wino wa rangi ya ngozi ili kufunika. Usikubali. Rangi hiyo hubadilika baada ya muda na kuonekana kama baka. Tena, ukija kupata nafasi ya leza, wino wa namna hiyo unaweza kugeuka mweusi ghafla.

HATARI ISIYOONEKANA: SINDANO

Mtu anayetoa tatuu kwa kuchomachoma dawa ndani ya ngozi anatumia sindano. Sindano au wembe uliotumiwa kwa mtu mwingine unaweza kuleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata katika damu kidogo iliyokauka ambayo macho hayaioni. Kufuta sindano kwa pamba yenye pombe hakutoshi.

Kama umechomwa kwa sindano ambayo hukuiona ikifunguliwa kutoka katika pakiti yake, njoo kituoni mara moja. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ianzwe mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita. Baada ya hapo haisaidii tena. Hata kama ulichomwa zamani, omba kupimwa. Homa ya ini C siku hizi inatibika kwa vidonge na kupona kabisa, na ya B ina chanjo ya kuwakinga ambao hawajaambukizwa.

JE, KUNA NJIA ZA HOSPITALI BILA LEZA?

Ndiyo, zipo, lakini uzijue vizuri usije ukadanganywa.

Daktari wa ngozi anaweza kuchubua ngozi kwa mashine maalum, au kupaka asidi iliyopimwa kiwango chake. Wako pia mafundi waliofunzwa wanaoingiza maji ya chumvi safi kwa sindano mpya ili wino upande juu na kutoka na gamba la kidonda. Njia hizi zinahitaji kurudiwa mara kadhaa, na kati ya mara moja na nyingine ngozi hupumzika wiki nyingi. Mara nyingi hupunguza rangi bila kuimaliza. Zote zinaweza kuacha kovu. Kukata ngozi kwa upasuaji huwezekana kwa tatuu ndogo, lakini kwenye nyusi ni vigumu, kwa sababu kunaweza kuvuta uso na kubadilisha sura.

Kwa hiyo mtu akikuambia "siku tatu, bila maumivu, bila alama", anakudanganya.

NIFANYE NINI BASI?

Kwanza, jua una tatuu ya aina gani. Ile ya mistari midogo iliyochanjwa juujuu kwa kisu chembamba mara nyingi hufifia ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Ile iliyopigwa kwa mashine, ikazama ndani, hudumu miaka mingi, ingawa nayo hupungua.

Pili, acha kunyoa nyusi zako. Wengi waliochorwa huendelea kunyoa. Ukiacha, nywele zako zitaota vizuri ndani ya miezi 3 hadi 4 na kufunika sehemu kubwa ya wino. Hii haina gharama yoyote, na kwa wengi inatosha.

Tatu, tumia kalamu ya wanja au poda ya rangi ya ngozi yako kurekebisha umbo. Tumia kalamu yako mwenyewe, usiazimane, maana ugonjwa wa macho hupita hapo. Oshea uso kwa sabuni laini jioni.

Nne, usizipake rangi nyeusi ya nywele juu yake. Rangi hiyo, hata ile ya piko wanayotumia maharusi wa pwani, inaweza kuleta vipele, malengelenge na kuvimba macho.

Tano, kama fedha zako zinaruhusu, ziweke mpaka upate daktari wa ngozi. Pesa anayokula mtu wa chupa leo ndiyo ungeitumia kwa nauli na matibabu kesho. Haraka haraka haina baraka.

UKISHAUNGUA: HUDUMA YA KWANZA

- Osha mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi. Kama huna bomba, mtu akumiminie kwa jagi.
- Kama dawa imeingia jichoni, fungua kope kwa vidole na mimina maji kutokea upande wa pua kwenda nje, ili yasiingie jicho la pili. Usisugue.
- Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu, unga wala asali. Usipake ndimu juu ya soda ukidhani moja itaua nyingine. Utaongeza moto.
- Funika kwa kitambaa safi, uje kituoni siku hiyohiyo. Njoo na chupa ya dawa uliyopaka, hata kama haina maandishi.

Njoo bila kuchelewa pia ukiona usaha, harufu, homa, uvimbe unaoshuka kwenye kope, au ukianza kuona ukungu. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda kama kidonda kiliguswa na kitu kichafu.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, kituo kitanitolea tatuu?
Hapana. Kutoa tatuu kwa ajili ya urembo si kazi ya kituo cha kambi. Lakini kuungua, kidonda na maambukizi ni ugonjwa, na tunavihudumia. Kinapohitajika kipimo kikubwa zaidi, mgonjwa hupewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Hapa Rusizi tunazo Gihundwe na Mibilizi.

Mume wangu amesema nizitoe kabla ya sherehe. Nifanyeje?
Mletee karatasi hii mzisome pamoja. Nywele zikiachwa ziote na wanja kidogo vitawasaidia siku ya sherehe. Kovu halitawasaidia. Akitaka kuja kituoni mje wote wawili, tutamweleza.

Nimeshapaka dawa, ninaona aibu kuja.
Usione aibu. Hatuulizi kwa nini ulichora wala nani alikuambia utoe. Unayotueleza yanabaki kati yako na mhudumu. Jicho lililochelewa kuoshwa halirudi kwa kuona aibu.

Binti yangu anataka kuchorwa sasa. Nimwambie nini?
Mwambie kuchora ni nusu saa, na kutoa ni miaka. Kalamu ya wanja inampa nyusi anazozitaka leo, na kesho akichoka anaosha uso.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, nyusi ulizochorwa si dhambi wala si ugonjwa. Ni wino tu, umekaa ndani ya ngozi bila kukudhuru. Kinachodhuru ni yale tunayoyafanya kwa haraka ili kuuondoa. Waeleze jirani zako kwenye foleni ya maji na wale wanaosuka nywele pamoja nawe. Ukimwona mtu anapita na chupa ya kutoa tatuu, mjulishe muhamasishaji wa afya wa eneo lako kabla hajampaka mtu mwingine.

Kinga ni bora kuliko tiba.