Manukato na Sonona ya Mama Aliyejifungua

Mchungaji azurupo washarika huitwa mara nyingi kumwombea mama aliyejifungua. Hukuta mtoto mzima, uji jikoni na majirani wenye furaha. Kumbe mama mwenyewe analia usiku, wala hajui kwa nini. Katika makala haya tunakusudia kueleza hali hiyo, na kupima kama mafuta ya manukato, yanayosifiwa na wengi kuwa tiba yake, yana nafasi katika utunzaji wa roho.

Kwanza yatupasa kutofautisha. Wanawake wengi hulia na kugeuka-geuka moyo siku chache baada ya kujifungua, na hali hiyo hupita kabla ya majuma mawili kwisha. Sonona ni jambo jingine. Hudumu, humnyima mama usingizi hata mtoto alalapo, humlemeza kwa hatia, na yaweza kumfikisha kwenye kutaka kufa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya 5 hupata ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Basi tusiuite upungufu wa imani. Ni ugonjwa.

Tiba ya manukato, yaani kunusa mafuta ya mimea au kukandwa kwayo, ilipewa jina lake la kitaalamu na mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé, aliyechapisha kitabu juu yake mwaka 1937. Lakini desturi yenyewe ni ya kale. Wanawake wa pwani yetu humkanda mzazi na kumfukizia udi tangu zamani. Harufu hufika upesi katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu, ndiyo maana huweza kutuliza.

Je, huponya? Katika jaribio lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2012, wanawake 28 walishiriki. Waliotumia waridi na lavenda kwa dakika 15, mara 2 kwa juma, kwa majuma 4, walipata nafuu kuliko wenzao. Hata hivyo idadi hiyo ni ndogo, na anayenusa hujua kwamba anahudumiwa. Huenda robo saa ya kutunzwa nayo ilikuwa dawa. Kwa hiyo manukato yaweza kusaidia pamoja na matibabu, wala hayawezi kushika mahali pake.

Tahadhari nazo zahitajika. Mafuta haya hayanywewi. Hupunguzwa makali, kama matone 2 katika kijiko cha chai cha mafuta ya kawaida, wala hayapakwi matitini wala karibu na pua ya mtoto. Moshi wa udi katika chumba kilichofungwa hudhuru mapafu ya mtoto mchanga.

Luther alipomwandikia Johann Hess wa Breslau juu ya tauni, mwaka 1527, alisema kwamba atamwomba Mungu, kisha atafukiza, atasafisha hewa na kutumia dawa. Hakutenganisha sala na dawa. Nasi tukimpaka mgonjwa mafuta kwa kufuata Yakobo 5:14, hatumzuii kwenda hospitali.

Hatuna budi, basi, kuuliza. Mwaka 1987 John Cox, aliyewahi kuchunguza hali ya akina mama nchini Uganda, alitoa pamoja na wenzake maswali 10 ya kutambua sonona hii, nalo la mwisho lahusu wazo la kujidhuru. Mchungaji, au mke wake, au mzee wa kanisa mwanamke, aweza kuuliza kwa upole: “Mama, moyo wako u hali gani?” Akijibu kwamba anawaza kufa au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, apelekwe kwa daktari siku ile ile. Ziko dawa ambazo hata anayenyonyesha huweza kupewa. Chumba chenye harufu nzuri ni jambo jema, lakini kisitufanye tusahau kumwuliza mama aliyemo.