FIMBO ISIYOSOGEA

Je, umewahi kuona usukani usiogeuka? Unaushika, unaukaza, nao umetulia tuli kama kigingi cha ng'ombe, lakini ndege inapinda! Niliposikia habari hizi mara ya kwanza nilidhani ni porojo za kidato cha nne. Kumbe ni kweli tupu.

Tuanze na joistiki ya kawaida, ile tunayochezea mchezo wa urubani kwenye kompyuta. Ndani yake mna springi za kuirudisha katikati, na potenshiometa mbili: moja ya mbele na nyuma, nyingine ya kushoto na kulia. Potenshiometa ni ukanda wa kaboni unaosuguliwa na kidole cha chuma. Kidole kikisogea, ukinzani wa umeme hubadilika, na kompyuta hujua fimbo iko wapi. Ubaya ni huo msuguano. Kaboni hulika, vumbi huingia, kisha fimbo hushikwa na wazimu: umeiacha katikati, nayo ndege inapiga mabawa kama kuku anayechinjwa. Yetu ilifika hapo muhula wa pili. Tukijaribu kutua Wilson, tulitua kwa pua.

Dawa tuliikuta kwenye ndege ya kivita ya Marekani, F-16. Wabunifu wake waliondoa nyaya za chuma na vyuma vya kuvuta mabawa, wakatia nyaya za umeme. Sasa ikiwa fimbo haivuti kitu chochote, ya nini isogee? Wakaweka fimbo inayopima nguvu za mkono wala si umbali.

Lakini nusura mambo yaharibike. Tarehe 20 Januari 1974, huko Edwards, California, rubani Phil Oestricher alikuwa akiikimbiza YF-16 kwenye barabara ya ndege tu, bila nia ya kuruka. Ndege ikainuka kidogo, ikaanza kuyumba kushoto, kulia, kushoto, hata mkia ukaparuza chini. Fimbo ilikuwa nyepesi mno: mguso mdogo, jibu kubwa. Ndege ikawa inatoka nje ya barabara. Oestricher akaona heri aruke! Alikaa angani dakika 6 hivi, akatua salama. Safari rasmi ya kwanza ilifuata tarehe 2 Februari. Baadaye fimbo ikaruhusiwa kusogea milimita chache, maana mkono wa binadamu, bwana, unataka dalili kwamba umefanya kazi.

Fimbo huhisije? Siri ni geji ya mkazo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1938 na Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake. Ni waya mwembamba sana uliokunjwakunjwa na kugandishwa juu ya chuma. Chuma kikivutika, waya nao hurefuka na kukonda kama unga wa chapati unaovutwa, na ukinzani hupanda. Kikibanwa, hushuka. Mabadiliko yenyewe ni kiduchu: geji ya ohmu 350 haibadiliki hata ohmu moja. Ndiyo sababu hutumika daraja la Wheatstone, lile la somo la fizikia ambalo wengi wetu hulikariri na kulisahau. (Aliyelibuni hasa ni Samuel Hunter Christie, mwaka 1833. Mgala muue na haki yake mpe.) Geji moja hubandikwa upande huu wa chuma na nyingine upande wa pili. Ukisukuma, moja huvutika na ya pili hubanwa, kwa hiyo tofauti huongezeka maradufu. Lakini joto la mchana likipanuka na chuma, zote hupanda pamoja, na daraja halioni kitu. Hapo nilipiga makofi peke yangu maabarani.

Sisi hatukununua geji. Tulimwendea fundi, tukapata mizani mbili mbovu za jikoni, zile za kielektroni. Ndani ya kila moja mna kipande cha alumini chenye geji tayari. Tulivisimamisha kimoja juu ya kingine, cha juu kimegeuzwa nyuzi 90, cha chini kimefungwa kwa bolti kwenye ubao, na mpini ukakaa juu. Umeme unaotoka ni wa milivolti tu, hivyo kila kipande kilipewa amplifaya ya HX711, kisha bodi ya Arduino Leonardo, ambayo hujitambulisha kwa kompyuta kama joistiki.

Jihadhari hapa! Amplifaya hizo mara nyingi huja zikipima mara 10 kwa sekunde. Ndege ikawa inatii kwa kuchelewa kama mtoto aliyetumwa dukani. Tulibadilisha mguu mmoja wa chipu, ikapima mara 80, mambo yakanyooka.

Kosa letu la pili lilikuwa ghali zaidi. Mwenzetu mmoja, kwa uchu wa kupaa, alivuta mpini kwa mikono miwili. Mizani ilikuwa ya kilo 5! Alumini ikapinda, na ndege ikawa inapanda daima hata fimbo isiposhikwa. Ilibidi turudi kwa fundi. Safari hii tumezungushia bolti nne za kuzuia mpini usipite kiasi.

Fimbo imo kwenye kabati la maabara ya fizikia. Omba ufunguo kwa mwalimu wa zamu, na tafadhali, mkono mmoja.