Rudolf Augstein na Jarida Lake: Utangulizi kwa Msomaji Mgeni

Kati ya milango yote ya kuingilia historia ya vyombo vya habari vya Ujerumani, ninaoupenda zaidi ni maisha ya Rudolf Augstein, mwanzilishi wa jarida la Der Spiegel. Kijerumani si lazima ukijue. Shika swali moja tu: gazeti ni la nani?

Tuanze na leseni. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Ujerumani ilitawaliwa na mataifa manne yaliyoishinda. Mjerumani hakuweza kuchapisha gazeti bila leseni, yaani kibali cha jeshi lililotawala eneo lake. Hannover ilikuwa chini ya Waingereza. Mwishoni mwa 1946 maofisa wao walianzisha jarida liitwalo Diese Woche, na miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Augstein, kijana aliyetoka vitani. Jarida halikuchelewa kuwakosoa watawala wenyewe. Waingereza wakaona heri wautue mzigo huo: wakawaachia Wajerumani, kwa sharti kwamba jina libadilishwe. Tarehe 4 Januari 1947 Der Spiegel likatoka, Augstein akiwa na miaka 23.

Hapa wageni wengi huchanganyikiwa: huyu alikuwa mwanahabari au mfanyabiashara? Mhariri huamua kipi kiandikwe. Mchapishaji hutafuta fedha na kubeba hasara. Augstein alikuwa yote mawili. Wala usimdhanie malaika: miaka ya mwanzo jarida lake liliwaajiri maofisa wa zamani wa SS, kikosi cha Wanazi.

Oktoba 1962 Der Spiegel lilichapisha makala ya mwandishi wake Conrad Ahlers kuhusu mazoezi ya kivita ya NATO, ikionyesha jinsi jeshi la Ujerumani Magharibi lilivyokuwa halijajiandaa. Usiku wa tarehe 26 polisi walizivamia ofisi za jarida mjini Hamburg. Tuhuma ilikuwa uhaini, yaani kuisaliti nchi, hapa kwa kufichua siri za kijeshi. Augstein alikaa mahabusu siku 103. Hata hivyo jarida liliendelea kutoka, kwa sababu magazeti jirani, yaliyokuwa washindani wake, yaliwapa waandishi wake vyumba na mashine za kuchapa. Watu waliandamana mitaani, Waziri wa Ulinzi Franz Josef Strauss akaupoteza uwaziri, na mwaka 1965 mahakama ikakataa kumfungulia Augstein kesi.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Mimi naona jambo zito zaidi lilikuja 1974, alipowapa wafanyakazi nusu ya kampuni. Walipata hisa, yaani sehemu ya umiliki impayo mtu fungu la faida na sauti katika maamuzi. Serikali ilishindwa kulifunga jarida kwa polisi. Lakini tajiri huweza kulinyamazisha gazeti kwa kulinunua tu, na hapo hakuna atakayeandamana. Augstein alifariki mwaka 2002. Hadi leo wafanyakazi wanamiliki zaidi kidogo ya nusu ya kampuni hiyo.

Kabla hujaendelea na masomo haya, chukua gazeti unalolisoma kila siku, utafute wenye hisa zake ni akina nani.